Kondo Likitangulia

Kwetu Pangani, nilipokuwa mtoto, kondo la nyuma lilikuwa na heshima zake. Mtoto akishatoka na kulia, bibi mkunga hakuinuka mpaka kondo nalo litoke. Aliligeuza huku na huku mbele ya taa ya chemli aone kama ni zima, akalifunga kwenye kipande cha kaniki, kisha likazikwa nyuma ya nyumba, shimo refu, mbwa wasije wakalifukua. Mtu mzima aliyegombania kiwanja na nduguze alisema kitovu chake kimezikwa pale, na wazee walimsikiliza. Ukunga wa kwetu ulijua vyema la kufanya na kondo linapotoka kwa zamu yake, baada ya mtoto. Habari za kondo linalotangulia nilizisikia kwa sauti ya chini, na mara nyingi zilisemwa matangani.

Nilianza mafunzo ya ukunga miaka ya 1970, nikafanya kazi wodi za wazazi mpaka nilipostaafu, na katikati hapo nikafundisha wanafunzi wengi. Katika yote ninayoyajua ya kazi hii, kondo lililotangulia ndilo lililonishughulisha kuliko jingine lolote. Vitabu vya historia yake vimejaa majina ya madaktari. Wanawake waliolala wiki baada ya wiki wakivuja damu, wakingoja, hawamo. Nataka niisimulie historia hiyo nao wakiwemo.

Kwanza jambo lenyewe. Kwa kawaida kondo hujishika sehemu ya juu ya mfuko wa uzazi. Mara chache, takriban mimba moja katika kila 200 zinazokaribia kutimia, hujishika chini, likaziba mlango wa kizazi lote au kwa sehemu, na mtoto akawa nyuma yake. Miezi ya mwisho sehemu ile ya chini hunyooka na mlango huanza kulegea. Kondo halinyooki. Linabanduka kidogo, na pale lilipobanduka mishipa ya damu ya mama inabaki wazi. Damu inayotoka ni nyekundu ya kung'aa na haina maumivu hata chembe. Wengi huiona usiku; mama anaamka kwa sababu khanga imelowa. Mara nyingi ile ya kwanza hukata yenyewe, na hapo ndipo hatari ilipo, maana mtu asiyeumwa na ambaye damu imekata hujiona amepona. Wiki moja au mbili baadaye inarudi, na aghalabu inarudi nyingi zaidi.

Miaka ya 1980 tulikuwa na semina za wakunga wa jadi, na siku moja nilikaa na bibi mmoja kutoka vijiji vya mtoni, aliyekuwa amezalisha kabla mimi sijazaliwa. Baada ya kumwamkia na kunywa naye chai nilimuuliza, "Bibi, damu ikitangulia uchungu, unafanyaje?"

"Sifanyi kitu, mwanangu. Naita wenye mabega."

Wenye mabega ni vijana wa kubeba kitanda cha kamba mpaka barabarani. Nikamuuliza kwa nini hampimi kwanza ajue njia imefunguka kiasi gani. Akaninyooshea vidole vyake viwili. "Hivi nikivitia, namuua mbele ya mama yake."

Si wakunga wote wa jadi waliojua hivyo. Wapo waliotia mkono, na wapo waliompa mama dawa ya kuongeza uchungu, na matokeo yake tuliyapokea hospitalini au hatukuyapokea kabisa. Lakini maneno ya bibi yule yalinikaa, kwa sababu nilikuwa nimeshasoma jinsi madaktari wa Ulaya walivyohangaika na swali hilohilo la mkono utiwe au usitiwe kwa zaidi ya miaka mia tatu.

Huko nako, miongoni mwa waliotangulia kuandika kwa ujuzi walikuwemo wakunga wanawake. Louise Bourgeois wa Paris alimzalisha malkia wa Ufaransa, Marie de Médicis, watoto wote sita, akiwemo mfalme Louis XIII aliyezaliwa mwaka 1601. Mwaka 1609 alichapisha kitabu cha mambo aliyoyaona kazini, wakati ambapo mwanamke kuandika kitabu cha uzazi lilikuwa jambo geni. Mwaka 1627 alimzalisha mke wa ndugu wa mfalme. Mtoto, binti, alitoka salama mwishoni mwa Mei. Mama akafariki siku chache baadaye. Madaktari wakaupasua mwili na kuandika kwamba wamekuta kipande kidogo cha kondo kimeng'ang'ania upande wa kulia wa mfuko wa uzazi. Hawakumtaja mkunga kuwa na hatia, lakini kila mtu alielewa. Bourgeois, mama mzee aliyekuwa amezalisha maelfu, aliwajibu kwa maandishi yaliyochapishwa, akiwaambia kwamba taarifa yao yenyewe inaonyesha hawajui kondo la mwanamke likoje, kabla ya kuzaa wala baada ya kuzaa. Nimewahi kuona mkunga akisimamishwa mbele ya jopo la watu ambao hawakuwepo usiku ule, na kila nikimsoma Bourgeois namwelewa kwa damu yangu.

Miaka sitini hivi baadaye, huko Silesia, akatokea Justine Siegemund. Huyu hakupata mtoto maisha yake yote. Alipokuwa na umri wa miaka ishirini hivi wakunga walishikilia kwamba ana mimba na yuko katika uchungu, wakamtesa kwa siku kadhaa, kumbe ni mfuko wa uzazi ulioshuka. Baada ya mateso hayo akaanza kujisomea vitabu vya uzazi, akaanza kuitwa kwa wanawake maskini wa vijijini, mwisho akawa mkunga wa ikulu ya Brandenburg. Kitabu chake cha mwaka 1690 amekiandika kama mazungumzo ya wakunga wawili, mmoja akiuliza na mwenzake akijibu, na kwa maoni yangu hakuna namna nzuri zaidi ya kufundisha ukunga. Humo ameeleza la kufanya kondo likiwa mbele na damu inakwenda: kutoboa chupa. Maji yakitoka, kichwa cha mtoto hushuka na kuligandamiza kondo dhidi ya ukuta, damu ikapungua. Kondo likiwa pembeni tu ya mlango, jambo hilo linaweza kusaidia kweli, na vitabu nilivyosomea miaka ya 1970 bado vililitaja.

Siku zile wengi waliamini kwamba kondo lililokutwa mlangoni limedondoka kutoka juu. Aliyeandika kinyume ni Paul Portal, mpasuaji wa Paris, katika kitabu chake cha mwaka 1685: alipotia mkono alilikuta limeshikana na mlango pande zote, yaani limeota palepale. Mwaka 1775 Edward Rigby wa Norwich, Uingereza, akazitenganisha damu za mwisho wa mimba katika makundi mawili. Kuna inayotokana na kondo lililokaa mahali pake ambalo limebanduka kwa bahati mbaya. Hiyo inaweza kutokea au isitokee. Na kuna ya kondo lililokaa mlangoni, ambayo haiepukiki, kwa kuwa mlango lazima ufunguke na ukifunguka kondo lazima libanduke. Nikiwafundisha wanafunzi nilianza na Rigby, kwa sababu ukimwelewa huyo umeelewa kwa nini mama huyu hawezi kuambiwa arudi nyumbani akapumzike.

Kuelewa hakukuwapa njia ya kuokoa wawili. Miaka ya 1860 John Braxton Hicks wa London alieleza mbinu yake: vidole viwili kupitia mlango uliofunguka kidogo tu, mkono wa pili juu ya tumbo, mtoto anageuzwa na mguu wake mmoja unavutwa chini. Tako na paja la mtoto vinaziba pale panapotoka damu. Hapo mkunga anaacha kuvuta, anangoja mlango ufunguke wenyewe. Akina mama wengi waliponea hapo. Watoto wengi walifia hapo, wamekuwa kizibo cha kuzuia damu ya mama zao. Mbinu hiyo ilifundishwa hata kwetu. Mwalimu wangu, mtawa aliyekuwa amezalisha porini kabla ya barabara, alituonyesha kwa mdoli wa kitambaa na fupanyonga la mbao, taratibu, mara mbili. Alipomaliza alimweka mdoli yule mezani na kumfunika. Hakusema neno, na darasa zima tulielewa.

Njia iliyobaki ilikuwa kumtoa mtoto kwa juu, na kwa muda mrefu huko Ulaya upasuaji huo ulikuwa karibu sawa na hukumu ya kifo. Mwaka 1876 Eduardo Porro huko Pavia, Italia, alimwokoa mama kwa kumtoa mtoto na kisha kuukata mfuko wa uzazi ili damu na usaha visimwue. Miaka mitatu tu baadaye, mwaka 1879, kijana Mwingereza aliyekuwa akisomea udaktari, Robert Felkin, alifika Kahura katika ufalme wa Bunyoro, Uganda ya leo, akashuhudia mganga wa huko akimpasua mwanamke wa miaka ishirini hivi mwenye mimba ya kwanza. Alinyweshwa pombe ya ndizi mpaka akalegea. Mganga alinawa kwa pombe ileile, kisha kwa maji, akaliosha na tumbo. Alikata kwa kisu mara moja, msaidizi akawa anachoma palipotoka damu kwa chuma cha moto. Mtoto akatolewa, kondo likatolewa kwa mkono, mfuko ukakandwa mpaka ukajikaza. Jeraha lilibanwa kwa misumari saba ya chuma iliyosuguliwa, ikazungushiwa kamba za magome, juu ukapakwa mchanganyiko wa mizizi iliyotafunwa. Felkin aliondoka siku kumi na moja baadaye, mama na mtoto wakiwa hai na jeraha likifunga. Alichapisha habari hiyo na michoro huko Edinburgh mwaka 1884.

Kwa nini mwanamke yule alipasuliwa, Felkin hakueleza. Siwezi kudai kwamba kondo lake lilikuwa mbele. Ninachokiona mimi, mkunga, katika maelezo yale ni mikono iliyozoea: kukanda mfuko mpaka ujikaze baada ya kondo kutoka ni jambo ambalo mwanafunzi wangu wa mwaka wa pili alikuwa akilisahau, na mganga wa Bunyoro hakulisahau.

Kilichokosekana kila mahali kilikuwa damu. James Blundell, mzalishaji wa London, alianza kuwaongezea wagonjwa damu ya watu mwaka 1818, akisukumwa na vifo alivyoviona vya wanawake waliotoka damu. Baadhi walipona, wengine walikufa, hadi Karl Landsteiner wa Vienna alipogundua makundi ya damu mwanzoni mwa karne ya 20. Baada ya hapo ilichukua miongo kadhaa damu kukaa kwenye chupa karibu na kitanda. Ilipokaa, mtu akapata ujasiri wa kutofanya kitu.

Mtu huyo ni Charles Macafee wa Belfast, na hapa nataka nikae kidogo. Mpaka wakati wake, mama aliyetoka damu kwa kondo lililotangulia alizalishwa mara ileile, hata mimba iwe ya wiki 30, kwa hofu kwamba damu inayofuata itamuua. Zaidi ya nusu ya watoto walikufa, wengi wao kwa kuzaliwa kabla ya wakati tu. Macafee aligundua kitu kilichokuwa mbele ya macho ya wote: damu ya kwanza karibu kamwe haimuui mama, isipokuwa mtu akitia kidole na kulibandua kondo. Basi akaweka masharti. Mama alazwe hospitalini na asiondoke. Asipimwe njia na mtu yeyote. Damu ya kumwongezea iwe tayari, na chumba cha upasuaji kiwe tayari mchana na usiku. Mimba ikifika wiki 37 au 38, azalishwe, na wengi wazalishwe kwa kupasuliwa. Mwaka 1945 alichapisha matokeo ya wanawake 174. Vifo vya akina mama vilikuwa chini ya mmoja katika mia. Vya watoto vilishuka chini ya robo. Hakuvumbua dawa wala chombo chochote.

Nimesoma karatasi ile zaidi ya mara moja nikitafuta wale 174. Hakuna anayeeleza walilalaje. Vita vilikuwa vinaendelea. Wengine waume zao walikuwa mbali, na nyumbani kulikuwa na watoto wengine. Mtu alilala wiki sita kitandani, haumwi popote, akiambiwa asiinuke hata kwenda haja. Kila asubuhi anafunua shuka kwanza aangalie. Daktari aliamua kungoja, lakini waliongoja hasa ni wao.

Nami niliwaona waliongoja. Katika hospitali ya wilaya moja mwanzoni mwa miaka ya 1980 tulikuwa na vitanda viwili karibu na meza ya wauguzi kwa ajili yao, miguu ya kitanda upande wa chini imeinuliwa kwa matofali. Ukutani juu ya vitanda hivyo mtu aliandika kwa kalamu nyekundu: HAPIMWI NJIA. Alilazwa mama mmoja kutoka mashamba ya mkonge, mimba yake ya nne, wiki ya 31, amekuja na khanga mbili zilizolowa na uso mweupe. Damu ikakata kesho yake. Siku ya tatu akaja mama mkwe wake, ameshika kikapu, akatuamkia kwa upole kabisa.

"Mwanangu, mkamwana hana homa, haumwi tumbo, damu imekata. Watoto watatu nimebaki nao mimi. Kwa nini mnamfunga hapa?"

Nilimkalisha kwenye benchi nikamchorea kwenye karatasi ya chati: mfuko, mtoto, kondo, mlango. "Mama, hili liko mlangoni. Siku mlango utakapofunguka, kutoka shambani mpaka hapa ni saa ngapi?"

Alitazama mchoro kwa muda mrefu. Akasema lori la mkonge hupita mara moja kwa siku. Kisha akafungua kikapu, akatoa ndizi na chupa ya uji, akaniuliza kama mgonjwa anaruhusiwa kusuka.

Alisuka. Wiki nzima ya kwanza alikuwa akilia usiku na kuuliza watoto wamekula nini. Wifi yake alipomletea fungu la miaa, nyingine imepakwa rangi ya zambarau, akaanza kusuka ukili akiwa amelala ubavu wa kushoto, mikono juu ya kifua, hatazami. Ukili ulishuka pembeni ya kitanda na kujikunja sakafuni. Wahudumu wa usafi walilalamika mwanzoni, baadaye wakawa wanauinua wenyewe wakipiga deki. Daktari akija kwa raundi husikiliza mapigo ya mtoto, huangalia kitambaa, huangalia weupe wa macho, halafu huuliza ukili umefika pima ngapi. Nilijifunza kutoka kwa mama yule kwamba anayeambiwa atulie lazima apewe cha kufanya. Hilo halimo katika masharti ya Macafee.

Damu ilirudi wiki ya 35 usiku, nyingi, na hapo ndipo utajua hospitali ina nini. Hatukuwa na benki ya damu kama ilivyo leo. Mpango wa Taifa wa Damu Salama ulianza mwaka 2004. Damu ilikuwa ndugu. Tangu wiki ya kwanza tulikuwa tumeshapima watu wake, tukajua kaka yake wa mjini na shemeji mmoja wanalingana naye, na majina yao yaliandikwa nyuma ya faili pamoja na mahali wanapopatikana usiku. Gari likamfuata kaka. Aliyempasua ni daktari msaidizi, mmoja wa kada iliyoanza kufundishwa nchini mwaka 1963, watu ambao hawakusoma chuo kikuu na ambao wamefanya sehemu kubwa ya upasuaji wa uzazi katika wilaya zetu. Nasema bila kusita kwamba historia ya kuokoa akina mama Tanzania ikiandikwa bila madaktari wasaidizi itakuwa haijaandikwa. Mtoto alikuwa njiti wa kike, akalia hafifu, akaishi. Mama naye akaishi.

Miaka michache baadaye kaka wa namna hiyo alianza kuogopa kutoa damu, na mgonjwa kuogopa kuipokea. UKIMWI ulikuwa umeonekana Kagera mwaka 1983, na kabla ya vipimo kuenea wilayani tulikuwa na miaka ya kutisha, ambapo chupa ya damu ilikuwa wokovu na mashaka kwa wakati mmoja. Mama mwenye kondo lililotangulia hana nafasi ya kuchagua. Tulimwongezea tukiomba Mungu.

Februari 1987 ulifanyika mkutano wa Nairobi uliozindua harakati za dunia za uzazi salama. Katika miaka hiyohiyo Mahmoud Fathalla, daktari bingwa wa uzazi kutoka Misri, alikuwa akisimulia kisa cha mama asiye na jina, Mama X, ambacho Shirika la Afya Duniani lilikifanyia filamu. Mama X ana miaka 39, amezaa mara nyingi, ana upungufu wa damu. Anafia katika hospitali ndogo ya wilaya. Daktari hana tabu kuandika sababu: kutoka damu kabla ya kujifungua, kwa sababu ya kondo kutangulia. Fathalla haishii hapo. Anauliza mbona damu ilimtoka mara mbili mwezi uleule ikakata na hakuna aliyemwambia maana yake. Mbona ilichukua saa nne kumfikisha. Mbona hospitali ilikuwa na nusu lita tu ya kumwongezea. Mbona alingoja saa tatu kupasuliwa. Tuliitazama filamu hiyo kwenye semina, ukumbi mzima wakunga, na hakuna aliyeuliza swali mwishoni, kwa kuwa kila mmoja wetu alikuwa na Mama X wake. Yote yaliyohitajika kumwokoa yalikuwa yameandikwa Belfast mwaka 1945, na sababu ya damu ile kurudi iliandikwa Norwich mwaka 1775.

Kwamba inawezekana hata bila utajiri, alituonyesha Dakta Godfrey Mbaruku huko Kigoma. Kati ya 1984 na 1991, yeye na wenzake katika hospitali ya mkoa walishusha vifo vya akina mama kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000, kwa kutumia hasa kilichokuwepo palepale na kwa kila mtu kuwajibika na zamu yake. Wanafunzi wangu niliwaandikisha takwimu hizo mbili ubaoni, moja chini ya nyingine, wazitazame.

Mengine yalikuja kwa kasi. Mashine ya ultrasaundi, iliyotokana na kazi ya Ian Donald na wenzake huko Glasgow iliyochapishwa mwaka 1958, iliondoa kubahatisha. Kondo linaonekana mahali lilipo bila mtu kugusa mlango. Ilipofika wilayani ilileta nayo hofu mpya, maana mama mwenye mimba ya wiki 20 anaambiwa kondo liko chini na anarudi nyumbani hali chakula. Wengi wao mfuko ukikua kondo hupanda, na kipimo cha wiki ya 32 huonyesha njia iko wazi. Hilo lazima aambiwe siku ileile. Matofali chini ya vitanda nayo yameondoka. Imeonekana kwamba mama asiyevuja anaweza kutembea, kuoga na kukaa nje, mradi awe karibu na hospitali yenye damu na chumba cha upasuaji. Kwa wa mbali, Dodoma na mikoa mingine kuna nyumba za kusubiria kujifungua, Chigonela kama wengi wanavyoziita, ambako wanawake hupika pamoja na kungoja siku zao. Kama ningeulizwa fedha zipelekwe wapi kwanza, ningesema huko.

Kinachonisumbua sasa ni ndugu mbaya zaidi wa tatizo hili: kondo lililozama katika ukuta wa mfuko wa uzazi na kukataa kubanduka. Frederick Irving na Arthur Hertig wa Boston walilieleza kwa makini mwaka 1937, wakati lilipokuwa adimu kiasi cha mkunga kumaliza kazi yake bila kuliona. Halitakuwa adimu tena, kwa kuwa linapenda makovu, na upasuaji uliookoa watu wengi huacha kovu. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006 uliwafuata wanawake waliopasuliwa. Kati ya waliokuwa na kondo lililotangulia bila kovu lolote la awali, 3 katika 100 walikuwa na kondo lililozama. Wenye kovu moja walikuwa 11. Makovu mawili, 40. Matatu, 61. Ukilivuta kondo la namna hiyo, mama anaweza kupoteza damu yake yote mezani. Kwa hiyo panapokuwa na wataalamu, mtoto hutolewa kwa kukata juu mbali na kondo, kamba ya kitovu hufungwa, kondo huachwa palepale bila kuguswa, na mfuko wote huondolewa, jambo ambalo Porro angelitambua.

Mama huyo anaingia chumba cha upasuaji akijua kwamba hatazaa tena. Anahitaji kuambiwa hivyo wiki kadhaa kabla, akiwa amekaa, mume wake akiwepo kama anapenda, na mtu wa kumjibu maswali yake yote, kuanzia kama ataendelea kuwa mwanamke kamili mpaka mashuka mangapi aje nayo. Nimewaona waliopata mazungumzo hayo na waliosainishwa karatasi wakiwa tayari kwenye machela, na miaka mingi baadaye ukikutana nao sokoni utawatofautisha. Ndiyo maana kliniki, mjamzito mwenye mshono akija, swali la kwanza la mkunga liwe kondo limekaa wapi. Kama liko chini na mbele, juu ya kovu, barua ya rufaa iandikwe siku hiyohiyo, na ndugu wa kutoa damu waanze kutafutwa kabla hajafika nyumbani.